Kigoda Changu Kilichobaki Mzenga

Tangu niwakabidhi spana zangu, Idi na Mrisho, mikono yangu haijui pa kukaa. Wiki ya kwanza nilifungua cherehani ya mke wangu, ambayo ilikuwa nzima. Nikaifunga, ikawa nzima bado, nikaudhika. Wiki ya pili nikafungua kandili, kufuli la kabati la vyombo na saa ya ukutani. Saa mpaka leo inakwenda, ila inakwenda kwa wakati wake yenyewe. Mama Zubeda akaniita uani akaniambia, "Mume wangu, katika nyumba hii kimebaki kitu kimoja hujakifungua, nacho ni mimi. Tafuta daftari uwaandikie wale vijana walichokuomba."

Basi daftari ndilo hili. Mmeniomba, ninyi mlio na banda lenu pale Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, niwaandikie jinsi ya kutunza zile pikipiki kubwa za zamani, zenye giya ya mkono kwenye tangi, kwa kuwa bado zinawajia moja moja na hakuna anayezijua. Nitaandika. Nilivyolipwa na nilivyosifiwa msivitafute humu. Vyote viwili vingeenea nyuma ya kiberiti.

Nilisoma mpaka sekondari, jambo ambalo wakati ule lilimfanya mtu aangaliwe kama ng'ombe wa mahari. Ukoo mzima wa Kisarawe ulikwisha kuniona karani. Kazi ikapatikana kweli, Mwanza. Nikashuka Dar es Salaam na sanduku langu, nikafika stesheni. Nililitazama gari moshi, nalo likanitazama. Nikajitwisha sanduku, nikarudi Kisarawe kwa miguu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala mahali ambapo siwezi kumsikia jogoo wetu, tumbo linaniuma. Baba yangu hakunisemesha mpaka Ijumaa ya pili, na alipofungua kinywa aliuliza tu, "Mwanza palikuwaje?"

Nilikwenda kujifunza ufundi kwa Mzee Feruzi kwa sababu moja kubwa: alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mzee Feruzi alitengeneza pikipiki za matarishi katika vita ile ya kwanza. Ya upande upi, hakusema, na mtu alipomuuliza alijibu kwamba plagi haina bendera. Mzinga ulimharibu masikio yote mawili. Ukitaka kumwamkia, ilikubidi umzunguke umsimamie mbele ndipo useme shikamoo, naye akausoma mdomo wako.

Sasa fikirini, fundi wa injini asiyesikia. Lakini mzee alisikia kwa meno. Alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, ncha akaigusisha kwenye injini inayounguruma, mpini akauuma. Alifumba macho, akatulia hivyo kama mtu anayekunywa uji wa moto, kisha akatoa bisibisi kinywani na kusema, "Valvu ya nyuma haikai vizuri." Ikifunguliwa, ni valvu ya nyuma. Na mimi nilijaribu siku ya kwanza. Niliuma mpini, injini ikatetemeka, nikajing'ata ulimi. Hiyo ndiyo ilikuwa ajali yangu ya kwanza kazini, na spana nilikuwa sijapewa.

Spana sikupewa siku nyingi. Mzee alinipa kigoda cha miguu mitatu, cha mti wa mkongo, kifupi kiasi kwamba magoti yako yanakuja usawa wa kidevu. Akakiweka mbele ya pikipiki ya msimamizi mmoja wa shamba la mkonge, akaniambia nikae niitazame mpaka adhuhuri, kisha nimwambie nilichoona.

Adhuhuri nikamwambia, "Ni nyeusi, ina magurudumu mawili."

"Ahsante," akasema. "Hata mbuzi wangu ameyaona hayo."

Akachuchumaa akanionyesha. Doa la oili chini lilikuwa changa, maana yake lilitoka leo, wala si jana. Pedali ya kushoto ilikuwa imekwanguka na ya kulia ina rangi yake, maana yake bwana huyu huanguka, na huanguka upande mmoja. Plagi ilikuwa na masizi makavu, inapewa petroli nyingi mno. Plagi ikiwa na masizi ya mafuta mafuta, ringi zimechoka. Ikiwa na rangi ya kahawia kama maganda ya korosho, iache, nenda kanywe chai. Yote hayo aliyaona amekaa, na hakuna alichogusa.

Alinifundisha kwamba pikipiki isiyowaka inataka vitu vitatu tu: moto, mafuta na pumzi. Moto ni cheche: fungua plagi, ilaze juu ya injini, piga kiki, tazama. Pumzi ni mgandamizo: piga kiki taratibu, mguu wako usikie injini inakusukuma kama mlango ulioshikwa na mtu upande wa ndani. Mafuta ni petroli kushuka kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Vifuate kwa zamu, usiruke. Pale penye vidole viwili vya kukatia umeme wa cheche, mwanya wake uwe unene wa nyembe tatu za kunyolea zilizopangwa pamoja, na usafishe kwa karatasi ya daftari, si msasa. Mnyororo uvue, uoshe kwa mafuta ya taa, uchemshe kwenye shahamu ya ng'ombe, uutundike shahamu ichuruzike. Mama Zubeda ataongeza hapa kwamba sufuria utakayochemshia isiwe ya harusi yake.

Mzee Feruzi alipofariki, wanawe waligawana minazi, mimi nikaachiwa bisibisi na kigoda. Kigoda kikawa ndiyo kazi yenyewe. Kila pikipiki iliyoingia uani kwangu ilisimamishwa juu ya stendi mbele yake. Nilifungua mfuniko wa tangi, nikaulaza juu ya kigoda pembeni ya paja langu, nikatumbukiza kijiti kupima petroli iliyomo, kisha nikapiga kiki. Hivyo ndivyo nilivyoanza kila kazi. Kaeni na hilo la mfuniko, nitalirudia.

Barabarani sikwenda. Watu waliniletea pikipiki, nikaziwasha uani, zikanguruma uani, nikazirudisha. Kupanda sikupenda. Mama Zubeda, ambaye kwao ni Dutumi na hajawahi kunistahi hata siku ya ndoa, aliwaambia wageni, "Huyu akienda kisimani huaga."

Sasa nije kwenye kesi ngumu, maana ndiyo iliyonifanya niwe fundi kidogo zaidi ya mtu aliyekaa.

Miaka michache kabla ya vita ya pili, Boma la Serikali lilinunua pikipiki kuukuu kutoka shamba la mkonge, kubwa, ndefu, imelala chini, ina silinda mbili zilizopanuka kama miguu ya mtu aliyejilaza. Uzito wake ungeweza kumpinda mgongo mtu mzima. Oili yake ilisukumwa na mpanda mwenyewe kwa kipampu cha mkono kila baada ya maili chache. Akisahau, injini inaungua, akizidisha, wanaomfuata wanakohoa moshi wa buluu. Watu waliiita Nyati. Ilipewa dresa, mhudumu wa vidonda na sindano wa zahanati, Mnyamwezi mmoja jina lake Maganga, ili kila Alhamisi aende Mzenga kuwapiga watu sindano za buba.

Ninyi buba hamkuikuta ilivyokuwa. Ilikula ngozi, ikashuka mpaka kwenye nyayo, mtu akatembea kwa ukingo wa mguu kama anakanyaga makaa. Dawa ilikuwepo, lakini sindano zilitaka kufuatana, wiki kwa wiki. Ukikatisha, Maganga alikuanzisha upya.

Maganga na mimi tulikuwa watani, kwa sababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zake wanapita kwetu na mizigo. Kwa hiyo hatukuamkiana kama watu. Akiingia uani nilimwambia, "Karibu, mpagazi, leo umebeba nini?" Naye alijibu, "Babu zangu walipopita hapa na pembe kichwani waliwakuta babu zako wamekaa. Naona hamjainuka."

Masika ya mwaka ule maji yalikuwa yakiingia kwenye petroli ya Nyati. Niliona chanzo: mfuniko wa tangi una kitundu kidogo juu, na mvua ilipita hapo. Nikajiona mtaalamu. Nilikata washa mpya ya ngozi ya kukaza mfuniko, na kile kitundu nikakiziba kwa nta ya nyuki iliyotoka kwa wakwe zangu Dutumi, nta nzuri ya manjano. Nikaupaka na ukingo wote. Nikamwambia Maganga, "Sasa hata ukivuka Ruvu kwa kuogelea petroli haitaona maji. Ila mfuniko usiuguse njiani, utaharibu kazi. Petroli utajaza hapahapa kwangu." Akaitikia.

Alhamisi iliyofuata Nyati ilizimika kabla ya nusu ya njia. Maganga alikaa kwenye jiwe, akajaribu, ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika. Jua likapinduka, akageuka. Ijumaa akaniletea. Nikaisimamisha, nikafungua mfuniko, nikaulaza kwenye kigoda, nikatumbukiza kijiti, nikapiga kiki. Ikawaka kwa kiki moja. Ikanguruma uani mpaka kuku wakahama.

"Mtani," nikamwambia, "pikipiki nzima. Kibovu ni kile kilichokaa juu yake."

Boma lilitaka karatasi ya fundi. Mimi ndiye fundi peke yangu mwenye mwandiko wa shule, na niliupenda mwandiko wangu kuliko nilivyopaswa. Nikaandika: Pikipiki imekaguliwa, haina kosa. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Alhamisi ya pili, vilevile. Karatasi ya pili. Alhamisi ya tatu, vilevile, na karatasi ya tatu ikawa na mkia mrefu zaidi. Lakini kutulia sikutulia. Nilifungua magneto, inayozaa cheche, nikaisafisha. Nilifungua kabureta, nikapuliza kila tundu. Nilisaga valvu ambazo hazikuomba kusagwa. Nilikuwa nakula nimesimama, naenda uani, narudi, naiwasha, nazima. Kila nikiiwasha, inawaka. Hakuna kitu kinachomtesa fundi kama ugonjwa unaomwonea haya. Lakini nje nilizidi kucheka na kusema kwamba Mnyamwezi ameshindwa kukaa juu ya chuma, na watu walicheka nami.

Jumatano ya wiki ya nne Maganga akaja mchana, anaisukuma Nyati. Nikamwamkia kama kawaida, "Karibu, mpagazi, leo umebeba nini?"

"Nimebeba karatasi zako," akasema. Hakutabasamu. "Bwana Shauri wa Boma kaziweka tatu mezani. Anasema fundi msomi ameandika pikipiki haina kosa, kwa hiyo dresa ndiye ana kosa. Anasema Alhamisi nalala kwangu na mke wangu halafu nakuja na hadithi ya jiwe."

"Wewe ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini, na mwandiko mzuri kama ule? Kesho nisipofika Mzenga, nafukuzwa kwa uongo. Nyati inarudishwa Dar es Salaam. Wa Mzenga wataambiwa waje Kisarawe kwa miguu kupigwa sindano. Kwa miguu, mtani. Unaijua miguu yao?"

Nikasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotaka, "Lakini ni nzima. Inawaka."

"Basi kesho panda nyuma yangu, twende nayo."

"Mimi sipandi. Mimi natengeneza."

Maganga akaitazama Nyati, akanitazama mimi, kisha akainama akakichukua kigoda. Akakifunga kwa kamba mbele, juu ya taa.

"Weka chini hicho," nikasema.

"Sikiweki. Mimi mtani wako, nimechukua. Utakikomboa Mzenga."

Ninyi mnajua mambo ya utani. Mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, humpigi, humshitaki, hununi. Unakomboa kwa masharti yake. Nilimtazama Mama Zubeda anitetee. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anacheka mpaka kanga inamwanguka. "Mtani hanyang'anywi," akasema. "Nenda baba, nitakufungia mihogo."

Alinifungia mihogo, na maji, na shuka, na kizibao, kana kwamba naenda Hija. Tulitoka Alhamisi jua linapochomoza. Nilikaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, nimemkumbatia dresa wa Serikali kiunoni, na majirani wakatoka kushuhudia. Jirani mmoja akauliza, "Salumu, unahama?" Nikazidi kumkumbatia Maganga.

Njia ilishuka vilima, ikaingia kwenye mchanga. Nyati ilikwenda vizuri, Maganga akisukuma oili kila mara kwa kipampu, hakosei. Nikaanza kujisikia mshindi. Karibu na maili ya saba injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza. Tukasimama chini ya kilima.

Maganga akateremka taratibu. "Karibu," akasema. "Jiwe ni lile. Nimelikalia Alhamisi tatu, limeshika umbo langu." Akaenda akalikalia, akanipa mgongo.

Sikuwa na kigoda, nikachuchumaa mchangani. Moto: nikafungua plagi, cheche ya buluu, nzuri. Pumzi: ipo. Mafuta: nikauchomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, yakadondoka matone mawili, yakakoma. Koki ilikuwa wazi. Tangi lilikuwa na petroli zaidi ya nusu, nilijaza mwenyewe. Nikashangaa, na mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaenda kufungua mfuniko ili nipime kwa kijiti.

Tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa kishindo chembamba, fyuuu, kama mtu aliyetolewa kisimani, na hapohapo petroli ikatoka kwenye mpira kwa nguvu, ikanilowesha miguu.

Nikaelewa yote mara moja, nimeshika mfuniko mkononi. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, na hewa huingilia kwenye kile kitundu. Nilikiziba. Ndani ya tangi pakabaki utupu, petroli ikashikwa juu, injini ikafa kwa kiu tangi likiwa limejaa. Ukingoja sana, hewa kidogo inapenya, inawaka, inakwenda hatua chache, inakufa. Na uani kwangu haikufa hata mara moja, kwa sababu kila mara jambo langu la kwanza lilikuwa kufungua mfuniko na kuulaza juu ya kigoda. Nilikuwa naitibu kabla sijaichunguza, kisha naandika haina kosa.

Maganga alikuwa bado amenipa mgongo. Nikachomoa pini kwenye pindo la kizibao changu, nikakwangua nta, nikazibua kitundu, nikafunga mfuniko. Nikarudisha mpira, nikapiga kiki. Ikawaka.

Akaja mbio. "Ilikuwa nini?"

Nikasema, "Plagi."

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu.

"Plagi kusafisha ni kazi yangu, kila Jumatatu," akasema. "Basi nimekosa mimi. Nitamwambia Bwana Shauri hivyo. Afadhali dresa mzembe kuliko dresa mwongo, labda watanikata mshahara tu." Akapanda. "Panda, mtani. Ahsante."

Kutoka pale mpaka Mzenga Nyati haikukohoa hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma nahangaika juu ya gunia, nageuka huku, nageuka kule, mpaka Maganga akauliza kama nina siafu.

Watu walikuwa wamekaa kwenye banda la jumbe wakingoja. Wengine walikuwa wamengoja hivyo Alhamisi tatu kisha wakarudi makwao kwa ukingo wa miguu. Hakuna aliyelalamika. Maganga akafungua kigoda kutoka kwenye taa, akakiweka chini, akachemsha sindano zake, akaita wa kwanza. Alikuwa Bi Tatu, mama mtu mzima, akakikalia akanyoosha miguu. Nyayo zake sitaki kuziandika.

"Dresa, tulisema umehamishwa," akasema.

"Sijahamishwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikwisha kupata nne."

"Tutaanza upya, mama. Zimekatika."

"Zote nne?"

"Zote."

Bi Tatu akazitazama nyayo zake. Halafu akaniona mimi, nimesimama pembeni na furushi la mihogo. "Na huyu?"

"Fundi wa pikipiki," Maganga akasema.

"Pole, mwanangu," akaniambia Bi Tatu. "Kazi yako ngumu kuliko ya dresa. Mimi naweza kusema ninapoumwa. Chuma hakisemi."

Nikasikia nimejibu, "Kilisema, mama. Kilisema Alhamisi tatu, na huyu hapa akaja kuniambia maneno yake, nikamcheka."

Basi nikaeleza, palepale, mbele ya banda zima, kitundu, nta, mfuniko juu ya kigoda, karatasi tatu, na plagi ya uongo ya asubuhi ileile. Maganga alikuwa ameshika sindano. Alimpiga Bi Tatu sindano kwanza, akabonyeza pamba, ndipo akaniuliza bila kugeuka:

"Nta?"

"Nta."

"Ya Dutumi?"

"Ya wakwe zangu."

"Babu zangu," akasema, "walibeba nta kutoka Unyamwezi mpaka pwani, mizigo na mizigo. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna Mzaramo ataitumia kunifukuzisha kazi." Watu wakacheka, na yeye mwishowe akacheka, lakini akatoa karatasi kwenye mkoba wa dawa akanipa. "Andika. Kwa huo mwandiko wako mzuri."

Nikatafuta kigoda nikae, Bi Tatu alikuwa bado juu yake. Nikaandikia chini, kwenye udongo, karatasi juu ya paja. Niliandika kwamba pikipiki ilikuwa na kosa, kosa nililitia mimi, dresa alisema kweli mara zote tatu, na karatasi zangu tatu za kwanza zitupwe. Sahihi niliiweka bila mkia.

"Nimekomboa?" nikamuuliza Maganga wakati wa kuondoka, nikinyoosha mkono kwenye kigoda.

"Umekomboa nini? Mama anaanza upya kwa sababu yako. Atakaa wapi wiki zote hizo?"

Kwa hiyo kilibaki. Maganga alibaki na kazi yake, Nyati ikabaki, Alhamisi ikabaki. Boma hawakuniletea kazi mpaka masika mengine, jambo ambalo Mama Zubeda alilikumbuka vizuri kuliko mimi. Sindano za Bi Tatu zilipokwisha nikapeleka salamu nataka kigoda changu, nikajibiwa kuna mwingine amekikalia. Kisha mwingine.

Tangu siku ile, mtu akiniambia pikipiki yake inazimika njiani, nilifunga mfuniko na kumwambia twende njiani. Mtu wa nyumbani kama mimi nimekwenda mpaka Mlandizi, mpaka Dutumi, nimekaa juu ya keria za watu nikilalamika kila maili, kwa sababu nilijua ninavyoweza kudanganywa na ua wangu mwenyewe. Nanyi, Idi na Mrisho, hilo ndilo nililo nalo. Kabla hujaandika haina kosa, rudisha kila kitu kama kinavyokuwa mwenye mali akiwa peke yake njiani, kisha uende mpaka pale anaposema inafia. Ukute jiwe lake, ulikalie.

Miaka ilipita. Maganga alirudi kwao Tabora kulima karanga, ananiandikia kila sikukuu ya Idi kuniuliza kama nimeinuka. Siku moja, kabla sijaacha kazi, Bi Tatu alikuja Kisarawe. Alikuja kwa miguu kutoka Mzenga, akipumzika kwa nduguze njiani, akakanyaga ua wangu kwa nyayo nzima, kisigino mpaka vidole. Nilitazama mikono yake. Hakuwa na kigoda.

"Nimekuja kukwambia mguu wake mmoja umelegea," akasema. "Uje ukitengeneze. Sisi hatukileti."

Nilikwenda, nikaukaza kwa kabari ya mti, nikarudi mikono mitupu. Jana nimepata salamu kwamba umelegea tena.

Kwa hiyo, Mrisho, Alhamisi nitahitaji pikipiki moja. Mama Zubeda amekwisha kuniuliza nitafungiwa mihogo mingapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kubaki na saa yake kwa siku nzima. Niletee Jumatano, niikague. Mfuniko uje umefungwa.